Nilivyompa baba mkwe damu yangu, enzi ambazo hata kumpa mkono ilikuwa mwiko

Wakuu, salamu kwenu. Vijana, marahaba kabla hamjaniamkia.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Najua wapo watakaosema bibi wa umri huu hawezi kuandika uzi, ID kaazima kwa mjukuu. Mjukuu kanifundisha kubonyeza tu. Maneno ni yangu.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru, Mwingereza bado yupo. Mimi nina miaka kumi na tisa, nimeolewa huko juu mlimani Meru, unapopanda kutoka Usa River. Kahawa na migomba mpaka mlangoni.

Kwetu heshima ya mkwe kwa baba mkwe ilikuwa ya kupitiliza. Humpi mkono. Humtaji jina. Chakula chake unampa mama mkwe ndiye ampelekee. Mkikutana njiani, unaingia kwenye kahawa na kuinamisha macho mpaka apite.

Usoni humtazami kabisa. Kwa hiyo miezi minane ya ndoa, mimi baba mkwe wangu nilimjua kwa miguu.

Msicheke, hiyo miguu ndiyo habari yenyewe.

Mzee alilima peku maisha yake yote, viatu vilikuwa vya Jumapili kanisani. Nikaanza kuona ile miguu inabadilika. Kucha zimepauka, hazina wekundu hata kidogo. Siku moja aliinuka kwenye kigoda, nikaona pale mguu ulipoegemea pamebonyea, na shimo likabaki vilevile.

Nyumbani walikuwa wanashangilia. Walisema uso wake umejaa, na kila mgeni anasema mzee kanenepa, kahawa mwaka huu imemkubali. Mama mkwe kwa furaha akawa anamwongezea mtori wa ndizi.

Nikajipa moyo nikamwambia, "Mama, miguu ya baba imevimba. Ule si unene."

"We mtoto, umeanza lini kumchunguza baba yako?"

Nikanyamaza. Kwa kule kunyamaza najilaumu mpaka leo.

Wiki chache baadaye mzee alikaa chini katikati ya shamba, asubuhi kweupe, akashindwa kuinuka. Anahema kama aliyekimbia, na mapigo ya moyo yanaonekana juu ya shati. Wanaume wakambeba kwa machela mpaka Usa River, tukapata lori la kutufikisha hospitali mjini Arusha.

Daktari alimkagua, akasema ni safura. Kuna minyoo midogo inaingia kupitia nyayo za mtu anayetembea peku, inakwenda kukaa tumboni na kunyonya damu taratibu kwa miaka. Damu ilikuwa imebaki kidogo hata moyo umechoka kuisukuma, ndiyo maana maji yamejaa miguuni na usoni. Dawa ya minyoo ipo, ila bila kuongezewa damu ya mtu mwingine, mzee hamalizi siku mbili.

Hapo ndipo wanaume walipopukutika.

Enzi hizo habari za mumiani zilikuwa za moto, kwamba kuna watu wanakamata wenzao na kuwanyonya damu. Shemeji yangu mkubwa akakumbuka ana ng'ombe anayekaribia kuzaa. Mdogo wake akaenda kumsindikiza. Mume wangu, Mungu amrehemu, alibaki na kutoa kidole kichomwe, lakini damu yake haikulingana na ya baba yake.

Dresa, yule msaidizi wa daktari, akauliza, "Hakuna mwingine?"

Nikasema, "Nipimeni mimi."

Mama mkwe alinivuta kanga karibu inivuke. "Damu ya mkwe imwingie mzee? Atakutazamaje tena? Ukoo utasemaje?"

"Mama, baba akifa hiyo heshima nitampa nani?"

Akaiachia kanga.

Ikalingana, wakuu! Nililazwa chumba kingine, maana sikuruhusiwa kumwona mzee akiwa kitandani. Niliogopa, sitawaficha, nami nilikuwa nimekulia hadithi zilezile za mumiani. Chupa ya kioo ikajaa, dresa akapita nayo. Akanieleza wanamwingizia mzee tone kwa tone, kwa sababu moyo uliochoka ukiuletea damu nyingi kwa mpigo unaelemewa.

Mzee akapona. Akanywa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, na miguu ikarudi ile niliyoizoea. Lakini hakuna aliyenitajia ile chupa. Hata shukrani sikusikia, nikaanza kuogopa kwamba nimevunja nyumba.

Jumapili ya kwanza aliyoweza kwenda kanisani, nikakutana naye kwenye njia nyembamba, na wanawake wa mtaa mzima wako nyuma yangu. Nikaingia kwenye kahawa kama kawaida, macho chini.

Nikaona vile viatu vya Jumapili navyo vinatoka njiani, vinaingia kwenye kahawa upande wa pili.

Njia ikabaki tupu.

"Pita, mwanangu," akasema. "Leo nakupisha mimi."

Sijawahi kusikia mzee wa kwetu akimpisha mkwe, si kabla wala baada. Nikapita. Taratibu kabisa, ili wote waone.

Tangu siku hiyo akavaa viatu shambani, na alizeeka hadi akawabeba wanangu watano.

Nilichojifunza: mtu akijaa ghafla usimsifie, bonyeza mguu uone kama shimo linabaki, umpeleke akapimwe damu. Na ukiona kitu, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Sasa semeni hapo chini, nani kati yenu anajua group yake ya damu, na ameshampa nani? Msione aibu kujibu. Mimi yangu niliijua nikiwa na miaka kumi na tisa, na njia nikaachiwa.