Bango Lilisema Tisini na Tano

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni fundi wa magari. Watu humwita Sikio. Akiletewa gari huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini akautia sikioni, akafumba macho kama anayepokea habari za msiba. Akifumbua, amekwisha kujua ugonjwa. Miaka thelathini na moja sijasikia amekosea, na mimi si mtu wa kumsifu. Anakula kwangu na bado analalamikia chumvi.

Mtu huyo ndiye aliyeitwa tapeli na mwalimu mstaafu, sokoni, mbele ya watu!

Sikio alikuwa ameifungua injini ya gari la mwalimu na kuifunga upya. Wiki ya pili ikaanza kugonga kila likipanda mlima, ko-ko-ko. Mwalimu akatangaza kwamba ameharibiwa gari. Wateja wawili wakaja kuchukua magari yao hata hayajaguswa. Fundi akishapoteza jina, gereji imebaki banda tu.

"Umekosea, shemeji?" nilimuuliza.

"Sikukosea. Injini ni nzima. Anatia petroli dhaifu. Gari lile linataka namba tisini na tano. Namba ikiwa ndogo, petroli haivumilii kubanwa, inawaka kabla ya wakati wake. Ndiyo kugonga kule."

"Si umwambie!"

"Nimemwambia. Anasema anatia hiyo hiyo tisini na tano, bango linaonyesha."

"Vaa viatu."

Tukaenda kituo cha mafuta anakojaza mwalimu. Kweli, bango la barabarani lina 95, kubwa kuliko mlango wangu. Lakini kwenye pampu yenyewe hapakuwa na namba. Gundi kavu tu, mahali palipobanduliwa stika. Nikamuuliza mhudumu petroli yake namba ngapi. Akacheka.

"Bibi, kwani una gari?"

"Sina. Nina macho."

Ofisi ya ukaguzi wa mafuta tulikwenda mara tatu. Mara ya tatu mkaguzi akafuatana nasi, nadhani kwa kuuchoka uso wangu. Akamtaka mwenye kituo atoe karatasi iliyokuja na mafuta. Imeandikwa tisini na moja.

"Mwongo huyo!" nikasema. "Mshike!"

Mkaguzi akafungua kijitabu. "Mama, kisheria tangazo la namba ni kibandiko cha kwenye pampu. Bango la barabarani halimo katika maana hiyo. Kosa lake ni kutobandika."

"Kwa hiyo hakudanganya?"

"Kisheria, hapana."

Mwenye kituo akatabasamu. Ningekuwa na meno yote ningemng'ata. Nani alikaa kitini akaizungushia ua maana ya neno, hata uongo wenye kimo cha nyumba, ukisimama nje ya ua, usiitwe uongo? Mwalimu kauona bangoni, kauamini, kautia kwenye tangi. Halafu anayetukanwa ni fundi!

"Basi andika," nikamwambia mkaguzi. "Andika kuwa petroli ya hapa ni tisini na moja, upige na muhuri. Sitoki."

Akaandika. Stika mpya ikabandikwa, 91, ndogo kama kiganja. Bango likaachwa palepale, linameremeta.

Ile karatasi yenye muhuri nilimpelekea mwalimu mwenyewe. Akaenda kutia mafuta kituo kingine, na mafuta ya zamani yalipokwisha tangini gari likapanda mlima kimya. Akaja gereji, akamvuta Sikio pembeni, akanong'ona, "Tumeelewana, fundi."

Sikio, mpole wa kuudhi, akasema, "Yameisha, mwalimu."

"Hayajaisha," nikasema. "Mwalimu, ulimwita tapeli wapi?"

"Dada, mimi mtu mzima..."

"Naye mtoto? Wapi?"

"Sokoni."

"Twende."

Tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma. Akasimama katikati ya meza za wauzaji, akasema fundi hakukosea, kosa ni la petroli.

"Wauza samaki hawajasikia," nikamwambia.

Akarudia, safari hii kwa sauti ya darasani.