Jina Nililoliandika Mlangoni

Juzi nilipita Kilosa, nikashuka kwenye kambi ya zamani ya shamba la mkonge nikaione nyumba yetu. Haipo. Imebaki sakafu yenye doa jeusi la oili, na mbuzi wawili wamelala juu yake. Nikusimulie doa hilo lilitoka wapi, maana nilikuwepo.

Babu yangu alikuwa dereva wa shamba tangu ujana wake. Shamba lilipofungwa, king'ora kikanyamaza na harufu ya mkonge uliochakatwa ikatuhama. Meneja wa mwisho, mizigo yake imeshafungwa, alimwonyesha babu lori lake la Bedford, lililokuwa likioza nyuma ya karakana. "Chukua bovu lako, mzee." Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu alikuwa anachukua kitu. Jirani yetu mfugaji, mtu wa kanda ya ziwa, akaleta maksai wake wakalivuta hadi uani.

Alilitengeneza miaka minne. Hakutaka litembee tu. Alitaka liwe kama siku aliyokabidhiwa ujanani. Alikwenda Mikumi, ambako malori yaliyopinduka barabara kuu yalichinjwa vipandevipande, akarudi na kabureta ndani ya tenga la nyanya. Mimi na yeye tulisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu. Giaboksi tuliifungulia ndani ya nyumba, oili ikamwagika sakafuni. Bibi alitupakulia kande sinia moja, na mikono yetu ilinuka petroli hata tukinawa kwa majivu. Majirani walicheka: "Mzee anaosha maiti." Siku moja bombani nilicheka nao, nisijue babu yuko nyuma yangu na ndoo. Akakinga maji yake, akaenda.

Rangi ya kijani ilipokauka alinipa brashi. Yeye hakujua kuandika, na mwalimu alikuwa akiusifu mwandiko wangu. Alitaka jina la shamba mlangoni, herufi nyeupe, kama zamani.

"Babu, kwa nini tusiandike jina lako?"

"Jina langu halikuwepo hapo. Andika lililokuwepo."

Nikaandika.

Likawaka! Tulibeba mahindi kutoka kijiji cha Ulaya, hukohuko Kilosa, mimi nimekaa mbele kama bibi harusi, vumbi jekundu likitufuata. Waliomcheka wakasimama njiani kuomba lifti, naye akawapakia wote. Sijapata tena wiki kama ile.

Kisha shamba likapata mwekezaji. Kijana wa ofisi yake akaja na dereva na mgambo wawili, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Tumefuata gari letu."

Babu akaeleza. Kijana akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, ndipo akaomba karatasi. Karatasi haikuwepo, na meneja yule alikuwa ameshahamia pasipojulikana. Kijana akaugusa mlango kwa kidole.

"Mzee, si mmeandika wenyewe kwamba ni la shamba?"

Babu akanitazama mara moja, akaondoa macho. Afadhali angenichapa.

Dereva wao alishindwa kuliwasha. Alizungusha hendeli, akatukana, akalipiga teke. Babu akainuka, nilidhani anakwenda kupigana. Akamsogeza yule dereva, akazungusha mara mbili, injini ikaitika.

"Gia ya pili usiilazimishe," akamwambia. "Ibembeleze."

Wakaenda nalo. Hata asante hawakusema.

Bibi hakumsamehe. Kila alipomtengea chakula alisema, "Ungeandika jina lako," kisha akaketi kumtazama akila. Masika moja tu yalipita, lori likafa, wakaliuza chuma chakavu. Aliyetuletea habari alikuja anacheka.

"Gia ya pili?" babu akauliza.

"Ndiyo hiyohiyo."

Babu naye akacheka, kicheko kirefu kibaya, mpaka bibi akatoka jikoni kutazama kuna nini.

Mwekezaji mwenyewe hakudumu. Mkonge umegeuka pori, ng'ombe wanachungwa katikati ya mistari yake, na vijana niliowauliza habari za king'ora walinishangaa. Babu alikufa bila kunitamkia neno juu ya mlango ule. Nami sikumwomba radhi, ingawa mkono ulioandika ulikuwa wangu. Nilijua angesema, "Si kosa lako, mjukuu wangu," na sikutaka nimsikie akinidanganya.