Ugoro wa Bibi Kwenye Ghala la Somanda

Godoro la pamba likishanyeshewa haliponi. Utalianika, utalipiga fimbo, utaligeuza upande huu na ule, na bado likirudi ndani litatoa harufu ile ile nzito, chachu kidogo, kama pumba za mtama zilizosahaulika kwenye ndoo. Mwaka juzi paa langu lilivuja tukiwa safarini. Tuliporudi, wanangu waliingia chumbani, wakaziba pua, wakatoka mbio. Mimi niliketi pale pale kwenye unyevu. Nilikuwa nimeshawahi kukaa juu ya harufu hiyo, nikiwa na umri wa miaka kumi, nimeshika kamba ya lori kwa mikono miwili, nikitazama nyuma.

Wakati huo Bariadi ilikuwa bado chini ya Shinyanga, na pamba ilikuwa imeanza kununuliwa na kila mwenye mzani. Ushirika haukufungwa kwa tangazo lolote. Ulikauka tu, kama kisima. Baba alikuwa karani wake. Alipopunguzwa kazi alikwenda Geita kutafuta dhahabu, na beleshi lake begani na shati la ofisini mwilini. Sisi tulibaki kitongojini kwetu Bondeni, kando ya mto, mbele kidogo ya Nkololo: mama, mdogo wangu Sayi aliyekuwa bado ananyonya, mimi, na bibi aliyemzaa baba.

Bibi alikuwa mkali, miguu imemvimba, na nadhani alipenda ugoro kuliko alivyotupenda sisi. Ugoro wake ulikaa ndani ya kopo la dawa ya viatu, na kopo lilikaa kiunoni, kwenye pindo la kanga. Ukimwamkia asubuhi, "Mwangaluka, bibi," hakuitikia mpaka avute kwanza, apige chafya, afute macho. Hapo ndipo alipokuona. Hata alipougua homa kali, mara tu fahamu zilipomrudi neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kopo liko wapi. Mama alikuwa akisema kwamba bibi akifika mbinguni atauliza kopo kabla ya kumwuliza Mungu hali. Bibi alicheka aliposikia, akasema na iwe hivyo.

Upepo ulitupata mchana. Uling'oa mabati ya shule, ukayatembeza angani kama karatasi, kisha ukatulia ghafla, ikaja mvua. Ilinyesha mpaka kesho yake. Asubuhi mto ulikuwa umeingia kwenye majaruba ya mpunga. Kufika adhuhuri ulikuwa kwenye nyua za majirani zetu wa chini. Kitongojini kulikuwa na lori la mnunuzi mmoja, lililokuja kubeba pamba ya msimu uliopita iliyokuwa imelala kwa wakala wake. Dereva alikubali tupande juu ya magunia. Magunia yenyewe yalikuwa yamekwishalowa, na ndipo nilipoikalia harufu ile. Wanawake walisukumana kupanda, watoto tukarushwa juu kama vifurushi.

Bibi hakuweza. Mzigo ulikuwa umepita kimo cha bodi, na aliyekaa juu alipaswa kujishikilia kwa mikono na miguu. Yeye alihitaji mahali pa kulala chini, na chini palikuwa na pamba. Mama alimwomba dereva ashushe magunia mawili tu. Sijawahi kumsikia akimwomba mtu kitu namna ile, kabla ya siku ile wala baada yake.

"Mama, pamba hii ina mwenyewe," dereva alisema. Hakusema kwa ukali. "Nikishusha gunia, kesho mimi sina kazi. Nawafikisha nyinyi, kisha narudi kumchukua."

Bibi alikuwa ameketi mlangoni, juu ya kinu kilicholazwa. Alimwambia mama aache kumsumbua mtoto wa watu, maji hayajawahi kufika kwenye kizingiti chake tangu aolewe. Mama alimfunika blanketi. Bibi akafungua pindo la kanga, akampa kopo.

"Nenda nalo, mvua isije ikaniharibia," alisema. "Nitalikuta huko."

Tulivuka daraja. Jioni ile ile daraja liliondoka, na lori halikurudi.

Walituweka Somanda, mjini Bariadi, kwenye ghala lililokuwa la ushirika. Maandishi ya ukutani yalikuwa bado yanasomeka, lakini ndani hapakuwa na kitu ila popo na harufu ya dawa ya wadudu. Kila familia ilitandika mkeka wake, ikaweka mpaka kwa kanga na masufuria, na baada ya muda mfupi tukawa na kitongoji kingine kilicholala kifudifudi sakafuni. Watoto tulipafurahia, nisidanganye. Nyuma ya ghala kulikuwa na rundo la pamba iliyooza, limemwagwa kando ya njia ya kwenda hospitalini, na tulikuwa tukipanda ukuta mfupi na kulirukia mpaka nywele zinajaa mbegu.

Wakubwa walichotaka ni habari za Bondeni. Nani kapona, nyumba ya nani imesimama, ng'ombe wameelekea wapi. Wanaume walikuwa na redio moja ambayo betri zake zilianikwa juani mchana ili taarifa ya jioni isikike. Redio ilitaja miji ya mikoa mingine, ikataja barabara zilizoharibika, ikacheza muziki. Bondeni haikutajwa. Mzee aliyeishika redio alisema labda huko Dar es Salaam hawajui kama tulikuwepo, itakuwaje wajue kama tumeondoka.

Basi mama akaanza kunituma kwenye lango la hospitali, kwa sababu wagonjwa na wanaowauguza hutoka pande zote. Nisimame pale, nimwamkie kila anayetoka upande wa Nkololo, niulize. Alinipa sharti moja: "Usiniletee maneno ya njiani. Muulize mtu, umeona au umeambiwa?" Nililishika sharti hilo mpaka nikawa na jina. Ghala zima likawa linanituma. Nilimletea Mama Kulwa, jirani yetu wa mkeka wa pili, habari kwamba mbuzi wake ameonekana kwa macho akiwa juu ya paa la kanisa. Mama Kulwa alicheza huku amebeba mwiko, akasema mbuzi yule hajawahi kwenda kanisani hata Pasaka.

Habari za bibi hazikuja. Kila asubuhi mama alikaa kwenye ngazi ya ghala, akafungua kopo, akaumwaga ugoro juu ya kipande cha gazeti, akauanika. Aliulinda dhidi ya upepo na dhidi ya Sayi, kisha akaurudisha wote, hata ule ulionasa kwenye kucha. "Asije akakuta umeota ukungu," alisema. "Atatutukana hadi tutamani mafuriko."

Maji yalipopungua, Masanja, kijana wa kwetu mwenye baiskeli, alikwenda Bondeni kuangalia. Aliporudi hakuingia ghalani mara moja. Nilimwona ameegesha baiskeli mbali, amechuchumaa, na Mama Kulwa na wanawake wengine wawili wamemzunguka. Walizungumza kwa muda. Halafu akaingia, akatoa habari nyumba kwa nyumba, watu wamekaa kimya kama wanasikiliza misa. Ya huyu imelala, ya yule imebaki kuta. Kihenge cha fulani kimekutwa shambani kwa fulani, mtama umeota ndani yake. Watu walishukuru, wengine walilia kidogo.

"Na mama mkwe?" mama aliuliza.

"Yuko kwa kina Luhende, kule juu kilimani. Miguu tu ndiyo inamsumbua."

"Anakula?"

"Anakula, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Kaniagiza nini?"

Masanja alitazama mikono yake. "Hajaagiza kitu. Anawasalimu tu."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimuulize swali langu, ameona au ameambiwa. Mama Kulwa alinipa ndoo, akanituma maji. Bombani niligundua kwamba ndoo ilikuwa imejaa.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kuliko zote nilizoishi ghalani. Ghafla watu walitupenda. Mama alikatazwa kuteka maji. Wanawake walipokezana kumtekea. Mkeka wetu ulihamishwa kutoka mlangoni, penye upepo, hadi kwenye kona iliyokuwa ya mzee wa redio. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yalikuja kwenye sahani yakiwa na karanga. Maziwa ya mgando yalikuja, na siku moja tuliletewa kuku mzima, wakati watu wengine wanakula mlenda. Nilijigamba kwa watoto wenzangu. Niliwaambia ni kwa sababu ya kazi yangu ya langoni.

Mama alikula kidogo, akashukuru, akatabasamu walipomtania. Niliona jambo moja ambalo sikujua nilipeleke wapi: tangu siku ya Masanja hakuuanika ugoro tena. Nilipomkumbusha alisema jua ni kali mno. Kesho yake alisema kuna mawingu.

Kisha akaja bwana mmoja mwenye suruali iliyopigwa pasi na kufuli jipya mkononi. Alitusalimia vizuri, hata akampapasa Sayi kichwani. Alieleza kwamba ghala limekodishwa, dawa na mbegu za tajiri wake ziko njiani, na haitakuwa salama watoto kulala na dawa. Mzee wa redio alimwambia ghala hili tulilijenga wenyewe, kila mtu alikatwa kwenye pamba yake. Bwana yule alisema analijua hilo, mzee wangu, lakini sasa ni mambo ya biashara. Tukaanza kufunga vyombo.

Tulirudi Bondeni kwa miguu. Mtoni tulivuka juu ya magogo. Wanawake walimnyang'anya mama mizigo yote, akabaki na Sayi mgongoni na kopo mkononi, na wakamweka katikati ya msafara. Walipiga soga njia nzima, kwa sauti ya juu kuliko kawaida yao. Mama Kulwa alisimulia upya habari ya mbuzi.

Tulipofika mahali uzio wetu wa minyaa unapoanzia, Mama Kulwa alitua mzigo, akaweka mikono kichwani, akalia. Wengine wote wakatua mizigo, wakalia pamoja naye, kama watu waliosubiri zamu. Mama hakuuliza ni nani. Alikaa chini pale pale kwenye tope, akavua kitambaa cha kichwa.

Nilimwendea Masanja. Sikuwa na swali jingine, nilikuwa na hilo moja nililofundishwa. "Umeona au umeambiwa?"

"Nimemzika, Minza," alisema.

Kwetu msiba una nyumba. Hauanzwi barabarani, wala kwenye ghala la watu. Aliyefiwa anaambiwa akiwa mahali anapoweza kuketi na kupokelewa. Kwa hiyo walitubeba. Mama Kulwa na wenzake waliamua pale kwenye baiskeli kwamba mama asijue mpaka afike kwake, na wakaanza kutufanyia yote anayofanyiwa mfiwa, bila kulitaja jina la msiba. Kwa kuku yule nilikula matanga ya bibi, nikalamba vidole. Hilo nilikuja kulielewa nikiwa binti mkubwa, kwenye msiba wa mtu mwingine, sahani ya matobolwa yenye karanga ilipopita mbele yangu.

Upande wa mama nilichelewa zaidi kuuelewa. Alikuwa amezeeka, mimi nina watoto, tunachambua mchele uani, ndipo nilipomuuliza kwa nini hakushtuka pale kwenye minyaa.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Mtu akae siku zote zile bila ugoro wake, halafu asiuagize? Masanja hakuwa mwongo mzuri."

"Mbona hukulia?"

"Ghalani? Na wao wanahangaika kunificha hivyo? Ningewavunja moyo." Alipuliza pumba kwenye ungo. "Halafu ningelia, wangenifariji. Wangesema hukuwa na namna, magunia yalikuwa ya watu. Sikutaka kuambiwa hivyo."

Baba aliporudi kutoka Geita hakumwambia hivyo. Alimuuliza mara moja tu, alimwachaje mama yake, na tangu hapo walizungumza kuhusu chumvi na ada za shule.

Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Mama akasema, bila kuinua macho, kwamba dereva yule alikuja kumtafuta ghalani siku chache baada ya kutushusha. Alikuwa amefukuzwa kazi. Kiwandani walikuwa wameikataa pamba yake kwa sababu imelowa, wakamwambia akaimwage popote.

"Akaimwaga wapi?"

"Pale nyuma ya ghala. Mlipokuwa mkirukia."

Nililikumbuka rundo lile, na ukuta mfupi, na mbegu kwenye nywele. Nilikuwa nikilipita kila asubuhi, nimeoga, nimechana nywele, nikienda lango la hospitali kuulizia habari za bibi.