Masikio ya Sipriani

Kituo cha utafiti mjini Lindi kilitangaza rasmi kwamba ugonjwa wa uboho wa mifupa unaowaua panya wake wazee, hasa madume, kwa sababu ya homoni zao, haumhusu binadamu, na wafanyakazi wasiwe na hofu. Tangazo lilibandikwa na Sipriani, mlishaji wa panya, mwenye miaka sitini na mitatu. Yeye huwatazama masikio: yakipauka, damu imeanza kupungua.

Asubuhi mkewe Rosalia alimwambia, "Baba Optatus, masikio yako siku hizi kama ya hao panya wako." Chai ikamshinda.

Kazini alimsubiri mtafiti Devota mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nami dume, tena nimezeeka."

"Lakini wewe si panya, mzee."

Devota alicheka, akamgeuza kuelekea dirishani, akamtazama masikio. Kisha akamwomba akunje mkono wa shati, akamtoa damu vichupa viwili vya kupima.