Neno Nililoandika Kwenye Fomu ya Mzee wa Ndalambo

Wakati huo nilikuwa karani wa mapokezi katika hospitali ndogo hapa Tunduma. Nilikuwa na miaka mitatu kazini na nilijiona najua kumtofautisha mgonjwa na mtu aliyechoka tu. Mgonjwa wa kweli huletwa amebebwa, nilikuwa nikisema. Anayekuja kwa miguu yake anaweza kusubiri.

Saa mbili asubuhi waliingia mzee mmoja na mke wake, wakulima wa Ndalambo. Walikuwa wamelala kwa ndugu zao mjini ili wavuke mpaka kwenda msibani Nakonde, ng'ambo ya pili. Mzee alikuwa na koti zito, na uso wake ulikuwa umelowa jasho. Alinisalimia kwa Kinamwanga. Mimi ni Mnamwanga, nimekulia kwenye lugha hiyo, lakini nilimjibu kwa Kiswahili. Nilikuwa na kitambulisho shingoni na kompyuta mbele yangu, na sikutaka watu wa kwenye benchi wanisikie nikiongea cha nyumbani.

“Shikamoo, baba. Unaumwa nini?”

Kiswahili chake kilikuwa cha kukokota. Aliweka kiganja katikati ya kifua, akakishusha taratibu mpaka kwenye chembe cha moyo. “Hapa. Panabana. Tangu alfajiri, kama mtu amenikalia.”

“Jana usiku ulikula nini?”

“Maharage,” mke wake akajibu.

Nikaandika: tumbo. Ningemuuliza kwa lugha yake angenieleza vizuri, na nilijua hivyo hata wakati naandika. Nikawaelekeza benchi la mwisho.

Yule mama alikuja dirishani mara mbili. Mara ya pili aliniambia kwa sauti ya chini, “Mwanangu, baba yako anasema mkono nao umekufa ganzi.”

“Mama, wote hapa wanaumwa. Fuateni foleni.”

Dakika chache baadaye akaingia dada mmoja ninayeimba naye kwaya, ana kikohozi. Nikamwingiza kwa daktari moja kwa moja.

Ilipokaribia saa nne nilisikia kishindo. Mzee alikuwa ameanguka kutoka kwenye benchi, koti limemfunika kichwa, na mke wake amepiga magoti akimwita. Daktari alitoka mbio. Alisoma fomu, akamtazama mzee, akaitupa fomu chini.

“Amefika saa ngapi huyu?”

“Sasa hivi, daktari,” nikasema.

Mke wake aliinua macho akanitazama.

Mashine ya kupima moyo ilikuwa imefungiwa wodini, na muuguzi mwenye ufunguo alikuwa ameenda kunywa chai. Ilipopatikana ilionyesha mshtuko wa moyo. Daktari alimtafunisha aspirini, akamwekea dripu, akapiga simu hospitali kubwa ya Mbeya. Gari la wagonjwa lililombeba lilikwama kwenye msururu wa malori ya mpakani kabla hata halijatoka mjini. Nilisimama mlangoni nikisikia king'ora chake kikilia mahali pamoja kwa muda mrefu.

Mzee hakufa. Lakini taarifa iliyotoka Mbeya ilisema sehemu ya moyo wake imekufa, na kwamba asishike jembe tena.

Wiki iliyofuata tulikuwa na kikao cha wafanyakazi. Daktari alimtaja yule mzee kama mfano. “Hawa watu wa vijijini wanajichelewesha,” alisema. “Mtu anaumwa tangu alfajiri, anakuja saa nne. Tungempata saa mbili, mambo yangekuwa mengine.” Watu wakatikisa vichwa. Na mimi nikatikisa.

Nilikaa na jambo hilo karibu mwezi mzima. Kwaya niliacha, nikisingizia koo. Mwishowe nilimfuata daktari ofisini, nikamwambia mzee alifika saa mbili, na kwamba nilidanganya.

Alifunga faili lililokuwa mbele yake. Kisha akasema, “Mimi nilimsema yule mzee mbele ya watu wote. Na wewe utasema mbele ya watu wote.”

Nilisema. Nusu ya maneno sikuyamaliza. Nilipewa barua ya onyo. Lakini mashine ilihamishiwa chumba kilicho jirani na mapokezi, na mlango wake haufungwi tena. Ikapitishwa kwamba yeyote mwenye maumivu kuanzia kitovuni hadi tayani asikae benchi. Apimwe kwanza, fomu ijazwe baadaye, na saa aliyofika iandikwe na muuguzi, si karani. Tumeshawapeleka Mbeya watu kadhaa kwa wakati tangu hapo. Wenzangu wakisema utaratibu huo umetokana na mimi, naona kama wananisuta.

Ndalambo nilikwenda baada ya mavuno. Nilimkuta mzee ameketi kivulini akipukuchua mahindi, punje chache, kisha anapumzika. Mke wake alikuwa anapepeta pembeni. Niliwaeleza yote: tumbo, mwanakwaya, uongo wa saa. Mama aliweka ungo chini, akaingia ndani.

Mzee aliendelea kupukuchua. “Yule mwenye kikohozi nilimwona akipita,” alisema. “Nikadhani hospitali ndivyo ilivyo.”

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata kufukuzwa. Kwa hilo sikujiandaa.

Mama alitoka na maji kwenye kikombe. Akanipa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni, huku ametazama pembeni. Niliyanywa yote. Aliponipokea kikombe aliniuliza swali moja tu: kama yule dada wa kikohozi alipona.

“Alipona, mama,” nikasema.

“Haya,” akasema, akachukua ungo wake.