Nywele Kwenye Tangi la Dikoni Kimeu

Mbinya alifundishwa kunyoosha matangi ya pikipiki na marehemu mumewe, na alipobaki peke yake akaendelea na kazi hiyo nyumbani, nje kidogo ya soko la Zombe, kwenye kiwanja kilichokuwa kati ya jiko na zizi la mbuzi. Hakuwa na bango wala mashine. Alikuwa na nyundo mbili za mbao, mfuko wa turubai uliojazwa mchanga wa kulazia tangi, na vipande vya nondo alivyovipinda mwenyewe. Alivipitisha kwenye mdomo wa tangi na kulisukuma bati kutoka ndani, kidogo kidogo, mpaka lirudi lilivyokuwa. Puti hakuigusa. Kujaza puti mahali palipobonyea na kupaka rangi juu yake, kwake huo ulikuwa wizi.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, Kimeu alimletea tangi lililofungwa kwenye gunia. Kimeu alikuwa na duka la mbolea pale sokoni, na alikuwa dikoni, yaani shemasi, katika kanisa alimosali Mbinya.

"Niliteleza kwenye mchanga, dada, nikaangukia jiwe," alisema. "Nisaidie kabla ya Jumapili. Tuna wageni."

Mbinya alimwaga petroli iliyobaki, akalisuuza tangi kwa maji na sabuni ya unga mara tatu, akaliacha juani siku nzima ili mvuke wote utoke. Alhamisi asubuhi akalilaza juu ya mfuko wa mchanga. Upande wa kushoto ulikuwa umeingia ndani, shimo la ukubwa wa sahani. Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja, na jiwe hukwaruza. Chini ya shimo hilo kulikuwa na utepe wa plastiki wa urembo, na ili alifikie bati vizuri alichukua kisu akaubandua.

Chini yake palikuwa pamejaa nywele. Nywele fupi, ngumu, za kijivu, zimegandiana kwa damu iliyokauka ikawa nyeusi, na katikati yake kipande cha ngozi kama ukucha wa kidole gumba. Siku tatu za jua zilikuwa zimekiozesha. Uvundo ulimpanda puani na nzi wakafika palepale. Mbinya aliweka kisu chini, akageuka kando, akatema mate. Alinawa mikono kwa sabuni, akanusa vidole, akanawa tena.

Alijua ni nywele za nani. Jumapili jioni, punda wa Kathini, jirani yake wa nyuma ya ua, alikutwa kando ya barabara ya kisimani, mguu wa nyuma umevunjika na mitungi imepasuka. Aliyemgonga alikuwa amekwenda zake. Punda alilala pale akihema hadi asubuhi ndipo akafa. Tangu siku hiyo Kathini, mjane wa miaka sitini na kitu, alikuwa akibeba maji mgongoni, kamba ikimkata kwenye paji la uso.

Lakini si nywele zilizomtia Mbinya kichefuchefu zaidi. Jumatatu, Kimeu alikuja na watu wa kanisa kumfariji Kathini. Waliposimama kuomba, alimshika Kathini mkono huu na Mbinya mkono ule, akafumba macho, akamsihi Mungu amfichue mtu huyo asiye na huruma. Mbinya alikumbuka kiganja chake, laini, chenye jasho. Yeye mwenyewe alikuwa ameitikia amina, tena kwa sauti.

Kimeu alipokuja Ijumaa, alikuta tangi bado limebonyea na nywele zimewekwa juu ya gazeti.

"Uliniambia jiwe," Mbinya alisema.

Kimeu alitazama, akacheka kidogo kwa pua. "Sasa umekuwa polisi, dada?" Alipoona hacheki, akashusha sauti. "Alitokea ghafla. Na mimi nilikuwa nimechelewa, natoka kuhubiri."

"Alikuwa hai mpaka asubuhi."

"Ni punda, Mbinya, si mtu. Toa huo uchafu unyooshe. Nitaongeza kitu juu."

"Chukua tangi lako. Leo namwambia Kathini. Ukitaka kumwambia kwanza, ni hapo nyuma ya ua."

Kimeu alilirudisha tangi kwenye gunia, akashika njia ya sokoni.

Kathini alikuwa akichambua ndengu wakati Mbinya akimweleza. Hakulia. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe katika ungo. "Na akanishika mkono," alisema mwishowe.

Kesi ilisikizwa kwa mzee wa kijiji siku iliyofuata. Kimeu kwanza alisema zile ni nywele za mbuzi. Kisha akasema atatoa punda mwingine, kwa upendo tu, wala asihesabiwe kosa. Jumatano akamtuma mtu na punda mwenyewe: mnyama amekonda, na mgongoni ana kidonda kipana kinachotoa usaha, funza wakicheza ndani.

"Mrudishe," Mbinya alisema. "Hili ni tusi."

"Nikimrudisha, nitabebewa maji na nani?" Kathini aliuliza.

Kwa hiyo walimfunga kwenye mti. Kathini alichemsha maji ya chumvi, na Mbinya, ambaye mikono yake ilikuwa imezoea vitu vidogo, akawatoa funza mmoja mmoja kwa kijiti. Alipomaliza alikwenda nyuma ya jiko akatapika. Kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa, majuma mawili. Kabla mvua za mwezi wa kumi na moja hazijaanza, kidonda kilikuwa kimefunga na punda alibeba mitungi miwili bila kulalamika.

Tangi lilijazwa puti na fundi wa mji wa Kwa Vonza, likapakwa rangi nyekundu inayong'aa. Kimeu bado ni dikoni. Mbinya alihamia kanisa lingine, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na watu wakimwuliza sababu husema huko ibada huisha mapema.