Muhuri wa Pili wa Bibi Zaituni

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Kamembe, Rwanda, mwanangu, nimekaa kwenye mkeka nyumbani kwa bibi yangu, kikombe cha chai mkononi, blanketi mabegani, nikijiambia kwamba kesho nayo ni siku. Wengine waliharibikiwa safarini, vitani au kwenye pombe. Mimi niliharibikiwa pale mkekani, bila hata kusimama.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na mtaa wetu wa wauza vitambaa na mafundi cherehani uliona hilo kama muujiza mdogo, nami sikujisumbua kuwasahihisha. Barua yoyote ya Kifaransa ililetwa kwangu. Niliisoma polepole, nikikunja uso kidogo mahali pasipohitaji kukunja uso, kisha nikawaambia inasemaje. Kazi hiyo niliipenda kwa sababu ilinikuta nyumbani. Wenzangu walivuka kwenda Bukavu, upande wa Kongo, kuuza, kununua, kusikiliza muziki na kutafuta wachumba. Mimi niliona Bukavu inapendeza zaidi ikitazamwa kutoka ng'ambo. Waliniita Kuku wa Kuatamia. Nilicheka nao, maana kukasirika kungenilazimu kuinuka.

Aliyenilea ni bibi yangu mzaa baba, Bibi Zaituni. Alikuwa amezaa wawili: baba yangu, aliyekwenda Kongo kutafuta maisha asirudi, na binti aliyeitwa Mwajuma, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka tisa, kabla sijazaliwa. Mwajuma alizikwa kwenye makaburi yetu ya zamani, kwenye mteremko, juu kidogo ya chemchemi. Bibi hakuwa mtu wa kuomba vitu. Kwangu aliomba kimoja tu, na alikirudia kila alipoumwa kichwa.

"Siku nikikufa, munilaze pembeni ya mutoto wangu," alisema. "Ule aliogopaka kulala yeye moja."

Aliisema kama vile Mwajuma yuko chumba cha pili, bado macho, anamsubiri.

Sasa nikueleze mambo ya serikali, maana hapo ndipo tulipoumia. Enzi zile serikali ilitufikia kwa ngazi tatu. Kulikuwa na wizara kule Kigali. Kulikuwa na mkoa, ofisi ya prefe, mkuu wa mkoa, huku chini Cyangugu mjini, kando ya ziwa. Na kulikuwa na komini, kama wilaya ndogo, chini ya mkuu wake bugumestri, karibu na kwetu. Sisi tulidhani ni mtu mmoja mwenye midomo mitatu. Kumbe ni watu watatu, na hawakuwa wanasalimiana.

Wizara iliandika kwamba makaburi yote yaliyo juu ya vyanzo vya maji yafungwe, na kila komini itafute eneo jipya. Hilo silipingi hata leo. Chemchemi ile tuliinywa, na watoto walikuwa wanaharisha. Ila wizara haikusema lini. Mkoa ukapokea barua hiyo na kuitia tarehe: mwisho wa mwezi ule ule, pasizikwe tena mtu. Komini nayo ikaandika ya kwake. Eneo jipya lilikuwa pori tupu, mwendo wa saa nzima na nusu, halina njia wala maji ya kuoshea hata mikono, na mkoa haukuwa umetoa chochote cha kulitengeneza. Kwa hiyo watu waendelee kuzika pale pale, amri ya bugumestri.

Barua tatu zilipigiliwa kwenye ubao mmoja. Nilizisoma kwa sauti, watu wamenizunguka.

"Sasa tufwate gani?" mama mmoja akauliza.

"Zote, Maman," nikasema.

Watu wakacheka, nami nikajiona mjanja sana. Nakwambia ukweli, mwanangu, nilirudi nyumbani nikitembea kwa madaha.

Chini ya barua ya mkoa palikuwa na mistari mitatu ambayo sikuicheka. Mzee yeyote mwenye mtoto, mume au mke aliyekwisha kuzikwa kwenye makaburi ya zamani angeweza kuruhusiwa kulazwa ubavuni pake siku yake ikifika. Aandike ombi. Ombi ligongwe muhuri wa komini, kisha lishushwe mkoani ligongwe wa pili, kabla ya mwezi kwisha.

Nililiandika ombi la Bibi vizuri, kwa mwandiko wa kulaza herufi. Nikalipeleka komini, maana komini ilikuwa karibu na ilikuwa na benchi la kukalia. Bugumestri mwenyewe alilipokea. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti nzuri, na siku hiyo alikuwa ametoka kupokea barua nyingine ya mkoa, ambayo aliipiga piga mezani kama mtu anayeua nzi.

"Kijana, makaburi iko kwa ardhi ya nani?"

"Ya komini, Bwana Bugumestri."

"Na hii kashe ni ya nani?" Akauinua muhuri.

"Ya komini."

Akaigonga. Meza ikatetemeka.

"Basi imekwisha. Ukishuka kule chini kuomba kashe ingine, utakuwa unawaambia kama miye siko kitu. Mwambie bibi yako alale usingizi."

Nilitoka pale nimefurahi. Sikufurahi kwa sababu bugumestri alikuwa na haki. Nilifurahi kwa sababu jibu lake lilinirudisha kwenye mkeka. Kushuka mjini kwa miguu ni saa moja, kupanda ni saa moja na jasho. Hiyo tu. Sikuombwa kuvuka bahari. Lakini mtu mvivu akipewa amri mbili hachagui iliyo ya kweli, anachagua iliyo karibu na kitanda chake. Niliikunja karatasi, nikaiweka chini ya godoro, nikasema kesho nitatazama.

Kesho zikaja, zikapita.

Jirani yetu alikuwa Mzee Ramazani, fundi cherehani, mguu wake wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Ndiye aliyekata sanda za mtaa mzima na hakuna aliyemlipa, wala yeye hakuwahi kutaja malipo. Mke wake alikuwa kwenye makaburi yale. Siku mbili kabla ya mwezi kwisha alisimama mlangoni kwetu, karatasi yake ameifunga kwenye kitambaa, fimbo mkononi.

"Idi! Lete na ya bibi yako. Niko nashuka kwa mkoa, nitazipeleka zote."

Mwanangu, nisikilize hapa. Yule mzee kilema alikuwa anashuka mlima ule, na mimi mwenye miguu miwili iliyo sawa nilikuwa nimejilaza saa tatu asubuhi. Niliona aibu. Na aibu, badala ya kuniinua, ikanifungua mdomo.

"Nilishaipeleka, Mzee. Tangu juzi."

"Weye?" Akanitazama kuanzia kichwani hadi vidoleni. "Weye ulishuka mpaka chini? Na ukapanda?"

"Nilipanda."

"Peke yako? Haukubebwa?"

"Mzee jamani!"

Akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Alhamdulillah! Kuku ametoka ku mayai! Bibi Zaituni, sikia mambo ya ajabu!"

Bibi alikuwa jikoni nyuma. Alikuwa amesikia tangu mwanzo. Alitoka anajifuta mikono, macho yamejaa, akanishika kichwa kwa mikono yake miwili kama ninavyokushika wewe ukiondoka, akaniombea dua ndefu. Kisha akatuma watu wamletee sambaza, vidagaa vya ziwani, akanikaangia sahani nzima, akakaa mbele yangu kunitazama nikila.

"Sasa sina shida tena," alisema.

Nilikula, mwanangu. Nilikula zote, na mkate juu yake.

Ningeweza kusema siku ile, nikamkimbilia Mzee Ramazani njiani. Ningeweza kusema kesho yake, kabla ofisi haijafungwa, nikashuka mwenyewe, nikachekwa wiki nzima, yakaisha. Nilihesabu kicheko cha watu nikakiona kikubwa. Nikajiambia muhuri wa komini unatosha, bugumestri mwenyewe amesema, na bibi yangu ana nguvu, atanizika yeye.

Haikupita miezi miwili. Bibi aliswali alfajiri, akasema anapumzika kidogo, hakuamka.

Sisi Waislamu hatumcheleweshi maiti. Wanawake walimwosha, Mzee Ramazani akaikata sanda huku anadondosha machozi juu ya kitambaa, na kabla ya adhuhuri vijana walikuwa wanachimba ubavuni pa Mwajuma. Wanaume tukalibeba jeneza. Nilikuwa mbele, bega la kulia, karatasi mfukoni.

Tulipofika tulikuta vijana wamesimamisha majembe. Kando ya shimo alikuwa bwana mmoja wa mkoa, kijana tu, miwani, na askari jandarma wawili nyuma yake.

"Poleni sana," alisema, na alisema kwa adabu. "Muko na ruhusa?"

Nikampa. Akaigeuza mbele na nyuma.

"Hapa naona komini. Yetu iko wapi?"

Kabla sijajibu, pikipiki ya bugumestri ikaingia, maana alikuwa amepelekewa habari. Akashuka bila kulisalimia jeneza.

"Chimbeni!" aliwaambia vijana.

"Acheni," bwana wa mkoa akasema.

"Hii ni komini yangu!"

"Na komini yako iko mu mkoa gani?"

Vijana wakainua majembe, wakashusha, wakainua. Jeneza tukaliweka chini, kwenye nyasi zenye maji. Bugumestri akasema mkoa unawanyanyasa raia. Bwana wa mkoa akasema komini inawanywesha raia maji ya maiti. Mmoja akaitaja wizara, wa pili naye akaitaja wizara, barua ile ile. Mtu akatumwa kwenye simu ya posta, Kigali ikajibu waandike, watajibiwa. Alasiri ikaingia. Mvua ikaanza. Katika maneno yote yale, mwanangu, hakuna aliyelitaja jina la marehemu. Bugumestri hakuwa anamtetea bibi yangu. Alimchukua kama mtu anavyochukua jiwe la kumtupia mwenzake.

Shehe wetu akanyoosha mkono. Alisema maiti hasubirishwi kwa ajili ya ugomvi wa walio hai, twende eneo jipya.

Bwana wa mkoa alikuja kunirudishia karatasi yangu. Alivua miwani, ikiwa imelowa.

"Kaka, kwa nini haukuileta? Miye nilikaa mu ile ofisi siku zote za mwezi. Mzee yeyote aliyeleta, nilimgongea. Hata wa siku ya mwisho. Sikumkataa muntu."

Alisema hivyo mbele ya Mzee Ramazani.

Mzee alinitazama. Niliomba anitukane. Niliomba anipige na ile fimbo. Alisema maneno mawili, polepole, kama mtu anayejaribu kuelewa kitu.

"Ungenipa miye."

Kisha akaingiza bega lake chini ya jeneza, mahali pangu, akatembea na mguu wake ule saa nzima na nusu kwenye matope. Mimi nilifuata nyuma. Bibi Zaituni alikuwa wa kwanza kuzikwa kule. Hakuna kaburi jingine, hakuna jirani, pori tu na mvua. Na Mwajuma akabaki kwenye mteremko wake, shimo tupu lililochimbwa nusu ubavuni mwake. Nililifukia mimi mwenyewe kesho yake. Hakuna aliyekuja kunisaidia, nami sikumwita mtu.

Unataka kujua ugomvi uliishaje? Uliisha kama inavyoisha migogoro ya ofisi. Miezi michache baadaye wizara iliandika kwamba komini zipewe muda zaidi mpaka maeneo mapya yatengenezwe. Ubao ukasafishwa. Watu wakaendelea kuzika pale pale, bila muhuri wowote, kwa muda mrefu tu. Bugumestri na prefe walionekana kwenye sherehe wamekaa meza moja, wanapeana chupa. Barua ile niliisoma mimi kwa watu, kama kawaida, na safari hii hakuna aliyecheka. Bibi hakuweza kurudishwa. Kwetu maiti akishalala hafukuliwi kwa sababu serikali imebadilisha mawazo.

Mzee Ramazani aliendelea kunisalimia mpaka alipokufa. Hakumwambia mtu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu alinilindia aibu ambayo mimi niliiogopa kuliko nilivyompenda bibi yangu.

Basi mwanangu, wewe unayesema siku hizi mambo yote yanapita kwenye simu, nakuachia haya. Wakubwa wakitoa amri zinazopingana, usichague ile inayokupendeza ukaiita sheria. Bisha hodi kwenye kila mlango, hata ule unaoambiwa hauna kazi, kwa sababu wao wakikosana wanaandikiana barua, na anayebaki barabarani na jeneza ni wewe. Ukiombwa kitu na mtu asiyekuwa na mwingine wa kumwomba, kifanye siku hiyo hiyo. Na ukishasema uongo mdogo wa kuficha aibu, rudi ukaufute mapema, ungali unaweza kufutwa kwa kicheko tu. Ukija siku moja kukaa kwenye kiti cha ofisi, iwe ya komini au ya Kigali, kabla hujagombana na mwenzako uliza kwanza jina la aliyelala kwenye jeneza.

Mungu akupe mzee wa kukukaripia mapema. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Na siku utakayombeba mtu wako begani, akujalie ufike naye pale alipotaka, umlaze, na uinuke pasipo mtu wa kukuuliza karatasi iko wapi. Amina.